Mashine Imegoma: Utani wa Mitambo Mbeya na Iringa

Watu waandikao juu ya utamaduni wa nchi hii wamezoea kuanzia ngomani. Wakitoka ngomani huenda kwenye methali, vitendawili, ngano na mashairi, na kazi yao ni njema, kwani bila wao mengi yangekwisha kupotea. Walakini iko fani moja ambayo huishi mbele ya macho yetu kila siku na haijapata mhakiki, kwa sababu haifanani na sanaa. Tunakusudia yale maneno mafupi ya mzaha ambayo wananchi huyasema mbele ya mashine: mbele ya simu ya mkononi, mbele ya kompyuta ya ofisini, mbele ya kile kidude cha kusomea alama za vidole. Maneno hayo husemwa kwenye foleni, dirishani pa ofisi, katika kibanda cha wakala wa fedha Kihesa au sokoni Mwanjelwa, na ndani ya basi linalopanda mlima wa Kitonga. Hayana mtunzi wala mizani, na asubuhi ya pili yamekwisha sahauliwa. Hata hivyo sisi tunayahesabu kuwa ni uhakiki, tena uhakiki mkali, juu ya jambo ambalo aghalabu hutangazwa kwa sifa tupu, yaani maendeleo ya mitambo.

Tumechukua mifano yetu Mbeya na Iringa. Si kwa kuwa watu wa huko wanachekesha kuliko wengine (Mngoni atakuambia kwamba Mhehe hajui kuchekesha hata kidogo, na Mhehe atamjibu kwamba Mngoni hakuachiwa meno ya kuchekea), bali kwa kuwa huko mzaha una sheria yake inayojulikana tangu zamani. Vita vya Wangoni na Wahehe vya karne ya 19 viliwaachia wajukuu wa pande zote mbili haki ya kutaniana na wajibu wa kuzikana. Mtani huruhusiwa kumkejeli marehemu mbele ya wafiwa, huweza kuizuia njia ya jeneza mpaka apewe chochote, na hakuna anayethubutu kumkasirikia. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyefika msibani mapema, akashika jembe na kuchota maji. Kadhalika ndivyo ulivyo utani wa babu na mjukuu. Mjukuu humcheka babu yake anayeishika simu juu chini, lakini ndiye atakayemsomea ujumbe na kumkumbushia namba ya siri, ingawa kampuni za simu hukataza jambo hilo. Kwa hiyo tunapoupima mzaha wa mitambo hatutauliza tu kama unachekesha. Tutauliza anayecheka ana wajibu gani kwa anayechekwa.

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kilipoikaribisha kompyuta hakikuipa jina tu, bali kiliipa na tabia. Twasema mashine imegoma, kompyuta imeganda, simu imekula vocha, mfumo umekataa, mtandao unasumbua. Kugoma ni tendo la mfanyakazi mwenye madai. Kukataa ni tendo la mwenye hiari. Kusumbua ni desturi ya mtoto mtundu. Upatanisho wa kisarufi umebaki wa kitu, maana hatujamsikia asemaye kompyuta amegoma, lakini kitenzi ni cha mtu. Wako watakaosema kwamba huo ni ushamba wa kuzipa mashine roho. Sisi hatuoni ushamba hapo. Dereva wa lori wa Uyole asemaye gari limekataa mlima anajua fika kwamba gari halina kichwa cha kukatalia. Anatumia tashihisi, kama washairi watumiavyo. Tatizo liko kwingine. Tashihisi ikitoka kinywani mwa mwenye shida ni mzaha, lakini ikitoka kinywani mwa mwenye dhamana huwa ni maficho, kwa sababu mashine ikishapewa utu, yule binadamu aliyeinunua, aliyeiwasha na aliyeipa maagizo hutoweka katika sentensi.

Maficho hayo hayakuanza jana. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965 kwa kazi za hesabu, na ilipofika mwaka 1974 zilikuwako nchini kompyuta saba. Kazi ya kuzihamishia hesabu za Serikali katika mtambo ilikwenda vibaya, hesabu zikarudishwa kwenye mashine za zamani, na mwaka huo wa 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, pamoja na ule wa televisheni. Zuio hilo lilianza kulegezwa katika miaka ya 1980 na kuondolewa katika miaka ya 1990. Hatukusudii kuilaumu hatua ile, kwani fedha za kigeni zilikuwa haba na mtambo usioendeshwa na wenyeji ni mzigo. Tunaloliangalia ni namna jambo hilo lilivyobaki katika masimulizi ya watumishi wa zamani. Katika masimulizi hayo kompyuta ndiyo iliyokosea. Mtambo ulihukumiwa ukafungiwa kama mhalifu, na maswali juu ya nani aliyeuchagua, nani alifundishwa kuutumia, na karatasi zilizolishwa ndani yake zilikuwa na ukweli kiasi gani, yakabaki pembeni.

Tuweke kando ya masimulizi hayo neno ambalo kwa maoni yetu ni bora kuliko yote yaliyotungwa juu ya hesabu za Serikali, nalo ni hewa. Mwaka 2016 Serikali ilipoihakiki orodha ya mishahara na kutangaza kwamba imewaondoa watu zaidi ya 10,000 waliokuwa wakilipwa isivyostahili, taifa zima lilikuwa tayari na jina lao: watumishi hewa. Msomaji atazame uzito wa neno hili. Mtambo ulimwona mtu ukamlipa, jicho halikumwona, lakini mkono uliozipokea fedha ulikuwako. Neno halikuitaja kompyuta hata kidogo. Lilimtaja asiyekuwako, na kwa kufanya hivyo likatulazimisha tumtafute aliyekuwako. Si ajabu neno hilo lilihamia mitaani mara moja, mume asiyeonekana nyumbani akaitwa mume hewa na fundi aliyechukua malipo ya awali akaitwa fundi hewa. Mzaha huo unamnyooshea kidole mtu, na ndiyo sababu tunausifu.

Sasa tufike dirishani. Kauli inayosikika kuliko zote katika ofisi za huduma, za umma na za watu binafsi, ni kwamba mtandao uko chini. Mwananchi ametoka Kitulo na baridi yake, amepanda magari mawili, amefika mjini Mbeya saa nne, na jibu ni hilo. Haambiwi lini utapanda juu. Sisi tunaoyajua madirisha hayo kwa upande wa ndani twajua kwamba kauli hiyo moja hufunika mambo mengi yasiyofanana: umeme kukatika, njia ya mawasiliano kukatika, karani kusahau neno la siri la kuingilia, au karani pekee aliyefundishwa kazi kuwa likizoni. Wananchi nao wanajua. Ndiyo maana wameifanyia kauli hiyo kazi. Utamsikia mzee mmoja akiuliza uko chini wapi, ili vijana waje na majembe kuufukua. Mwingine atasema kwamba wa kwake uko juu, kwani ametembea nao tangu alfajiri na miguu haijakatika. Mama mmoja wa Iringa, baada ya kuambiwa kwamba mfumo umelala, alijibu kwa heshima zote, “Basi baba, ninyi mlio macho si mniandikie kwenye daftari?”

Hilo la mwisho ndilo utani hasa. Limeikubali tashihisi ya karani, likaigeuza, na kumrudisha karani katika sentensi alimokuwa ametoka. Tena lina dawa ndani yake, kwa kuwa daftari lipo, kalamu ipo, na hakuna mfumo unaokataza jina la mtu kuandikwa kwa mkono ili asirudi kesho kuanza upya.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Zipo siku ambazo mtandao huwa chini kweli kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya Bahari ya Hindi ziliharibika, na intaneti ikazorota katika nchi yetu na nchi jirani. Siku hizo karani aliyesema uko chini alisema kweli kuliko alivyojua, kwani ulikuwa chini ya bahari. Na iko mifano ya binadamu kurudishwa katika sentensi kwa amri. Mei 2021, ununuzi wa umeme wa LUKU ulipokwama kwa siku kadhaa, waziri mwenye dhamana aliagiza baadhi ya maofisa wa TEHAMA wa shirika wasimamishwe kazi. Kama walistahili au hawakustahili si shauri letu hapa. Tunasema tu kwamba kwa mara moja habari ya mtambo ilikuwa habari ya watu.

Lakini utani wenye thamani kuliko wote tulioupata ulitoka vidoleni. Mwaka 2019 kila mwenye laini ya simu alitakiwa kuisajili upya kwa alama za vidole, akiwa na namba ya kitambulisho cha Taifa. Siku ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2019, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020, na foleni za miezi ile kila mtu anazikumbuka. Mashine ya kusoma alama hutafuta michirizi ya ngozi. Ngozi iliyosuguliwa na mpini miaka 40, au kukatwakatwa na majani ya chai ya Mufindi na Rungwe, au kuchubuliwa na udongo wa viazi wa Njombe, mara nyingi haina michirizi ya kuitosheleza mashine. Kwa hiyo aliyewekwa kidole mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na taa isiwake, aghalabu hakuwa karani wala mwanafunzi. Alikuwa mkulima, na zaidi mkulima mzee.

Wazee hao hawakunyamaza. Mmoja atasema kwamba alama zake ameziacha shambani, wanaozitaka wakazichukue huko. Mwingine atasema kitambulisho chake kiko kwenye mpini wa jembe, lisajiliwe jembe. Na tumesikia la tatu, lililosemwa polepole bila kicheko, kwamba kumbe Serikali inavitaka vidole vya watu wasiofanya kazi.

Hapo mhakiki hana budi kusimama. Jembe limo katika nembo ya Taifa. Mjini Iringa, mwaka 1972, TANU ilitoa tamko la Siasa ni Kilimo, na hapana mtu mzima wa mkoa ule asiyelijua. Miaka 47 baada ya tamko hilo, katika mkoa ule ule, kidole laini kinasomeka na kidole kilicholima hakisomeki. Hatusemi kwamba mtu yeyote alikusudia hivyo. Aliyeiunda mashine hakumjua mchuma chai wa Mufindi, na aliyeinunua hakumkumbuka. Lakini mzee yule kwa sentensi moja aliiweka mashine mbele ya siasa ya nchi akazilinganisha, jambo ambalo katika habari nyingi za usajili ule tulizozisoma hatukuliona. Sisi tuliosomeshwa kupima fasihi kwa kina cha maudhui tutaiweka wapi sentensi ile?

Katika foleni zile zile ulikuwako na mzaha wa aina nyingine. Vijana waliosajiliwa kwa dakika moja walicheka kwa sauti, wakawaita wazee washamba, wakawapiga picha mikono yao na kuzisambaza picha hizo zikazunguka kwa watu wasiowajua wenye mikono. Mzaha huo hatuwezi kuuita utani, maana aliyecheka alikwenda zake. Tofauti yake ionekane kwa kijana wa wakala ambaye naye alimcheka bibi, akamwambia, “Bibi, vidole vyako vimestaafu kabla yako,” huku akivifuta kwa kitambaa chenye maji ya moto na kujaribu kidole cha sita, cha saba, mpaka cha kumi. Bibi mwenyewe alicheka kuliko foleni nzima. Maneno ya vijana wale na ya kijana huyu hayapishani sana kwa ukali. Yanapishana kwa kile kitambaa.

Mambo ya simu tutayapita upesi, kwani yanajulikana. Tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilipozimwa, mzaha uliovuma ulikuwa wa msiba: watu walipeana pole, wakaulizana marehemu ameacha namba ngapi. Ni sanaa nyepesi lakini safi, kwa sababu wafiwa na watani walikuwa watu wale wale. Na kuna ule ujumbe wa matapeli unaoelekeza ile fedha itumwe kwa namba nyingine. Wananchi wameugeuza kuwa mzaha wa kudaiana, wa kuchumbiana, hata wa kuchangia harusi, na tunaamini kwamba mzaha huo umewakinga watu wengi na utapeli kuliko matangazo yote ya tahadhari. Mtu hawezi kudanganywa kirahisi na maneno ambayo jana aliyachekea.

Iko habari moja ambayo hatuwezi kuipita hivyo. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya fundi wa Tunduma, mji ambao ulikuwa wa Mkoa wa Mbeya kabla Songwe haijamegwa mwaka 2016, aliyekuwa akiunda helikopta katika karakana yake. Mzaha ulimwagika. Walisema haitapaa hata kimo cha kuku. Walisema abiria wa kwanza awe mkwewe. Walisema itafika Zambia kwa kusukumwa, kwa kuwa mpaka uko hatua chache tu. Mengine yalichekesha, hatukatai. Lakini tulipoyakusanya tuliona jambo la kusikitisha: karibu yote yangeweza kusemwa na mtu asiyejua chochote juu ya helikopta. Hakuna aliyeuliza injini aliipata wapi, uzito wa chuma alichotumia, wala mabawa yale yalikatwaje. Mtu amemcheka fundi bila kukiangalia chombo. Wakati huo huo watu hao hao huipokea habari ya simu mpya ya ng’ambo kwa mdomo wazi, wala hawamwulizi mwenye kiwanda neno hata moja. Kwa mitambo ya wageni tumekuwa wasifu, kwa fundi wetu tumekuwa wacheshi. Mkoloni alitufundisha nusu ya tabia hiyo; nusu ya pili tumejifundisha wenyewe.

Watani wa kweli wa fundi yule wangekuwa mafundi wenzake, na walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, chuo kilichoanza kama chuo cha ufundi katika miaka ya 1980 na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012. Hao wangekuwa na haki ya kumcheka mpaka machozi yawatoke, kwani kicheko chao kingekuja pamoja na spana na hesabu.

Tumalizie kwa majina, kwani mzaha huyajaribu na majina pia. Wataalamu walipotupa neno ngamizi kwa maana ya kompyuta, sikio la mtu wa kawaida lilisikia angamiza, kicheko kikalizika neno hilo kabla halijatembea. Tarakilishi limepata makao zaidi kwa ndugu zetu wa Kenya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa Sweden walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, kazi ya heshima kubwa, walakini katika ofisi za Nyanda za Juu hatukuiona ikitumika. Kinyume chake ni kishikwambi. Neno hili lilichekwa sana lilipoanza kutangazwa, wengine wakasema ni jina la mdudu wa mahindi. Kisha ikaja Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, makarani wakapita nyumba kwa nyumba wakiwa wamevishika vyenyewe, na baadaye vikagawiwa walimu. Leo mwalimu wa kijijini Ismani hasemi neno jingine. Kicheko hakikuliua neno kwa kuwa nyuma yake kilikuwako kitu. Na yale yasiyotungwa na kamati, kubipu, kitochi, bando, hayakuhitaji kibali cha mtu. Yalizaliwa na uhaba wa salio, na hadi leo yanaueleza uhaba huo vizuri kuliko taarifa nyingi.

Washairi wenzetu tuna la kujifunza hapo. Mashairi ya kuisifu kompyuta tuliyoyasoma ni mengi, vina vimetimia na mizani imekaa, lakini mengi yangeweza kutungwa na mtu asiyewahi kusimama foleni. Humo kompyuta ni nuru, ni daraja, ni ufunguo. Hatuioni humo ikigoma, wala hatumwoni karani, wala kidole.

Kwa hiyo tunawaomba maafisa utamaduni wa wilaya, ambao tayari huandika ngoma na methali, wafungue na daftari la mizaha hii. Kazi yenyewe ni ndogo lakini inataka haraka, kwa sababu simu ikijaa watu hufuta. Yaandikwe maneno kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili au Kihehe au Kinyakyusa, mahali na mwaka, bila jina la mtu. Iandikwe mashine ilikuwa ipi na ilikuwa imegoma nini. Na yasiachwe majibu, kwani katika utani nusu ya sanaa iko kwa anayejibu: yule mama wa daftari, tungependa kujua karani alimwambia nini, na kama kweli aliandika.